Kuchagua kadi ya Wi-Fi kwa kompyuta ya mezani ya Linux, Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeweka Ubuntu, Mint, Debian au Fedora kwenye kompyuta ya mezani, halafu akakuta mashine haina Wi-Fi. Hapa mjini jambo hilo ni la kawaida. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu zilishatumika maofisini nje ya nchi, na huko zilikuwa zinachomekwa kebo ukutani. Nyuma zina tundu la kebo ya mtandao, basi. Ruta yako iko sebuleni, kompyuta iko chumbani, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta.

Maswali yamepangwa kama yanavyokuja, na mengine yamejibiwa kwa urefu kuliko mengine kwa sababu ndiyo yanayowatoa watu pesa bure.

Kwani kadi zinatofautiana nini? Si zote zinashika Wi-Fi?

Zinashika, ila si zote zinashika kwenye Linux. Kwenye Windows, kampuni iliyotengeneza kadi ndiyo inayoandika draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, na kukuwekea kwenye CD au kwenye tovuti yake. Kwenye Linux, draiva nyingi zinakaa ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo. Kama kerneli uliyonayo inaijua chipu ya kadi yako, unachomeka, unaandika nywila, kazi imeisha. Kama haiijui, hapo ndipo unapoanza kukesha.

Shida ni kwamba boksi halisemi chipu. Jina kubwa lililoandikwa juu, TP-Link, D-Link, Tenda na kadhalika, ni la kampuni iliyoifunga kadi. Chipu ya ndani ni ya mtu mwingine: Intel, MediaTek, Realtek, Qualcomm Atheros au Broadcom. Na kampuni ileile inaweza kubadilisha chipu bila kubadilisha jina la bidhaa. Mfano unaojulikana zaidi ni TP-Link TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaipenda sana. Toleo la pili na la tatu lina Realtek RTL8188EUS, kitu tofauti kabisa. Jina ni lilelile, antena ni ileile, umbo ni lilelile. Ukisoma mahali kwamba "722N inafanya kazi vizuri", uliza kwanza ni toleo gani.

Kwa hiyo usiulize "kadi gani nzuri?" Uliza "chipu gani, na kerneli yangu ni ya ngapi?" La pili unalipata kwa kuandika `uname -r` kwenye terminali.

Basi nitajieni chipu za kununua.

Nitakwambia na sababu, ili ukikosa ya kwanza ujue ya kuangukia.

Kwa kadi ya ndani, ile ya kufunga kwenye mazabodi, chaguo langu la kwanza ni Intel AX200 au AX210. Draiva yake, iwlwifi, imo kwenye kerneli na inaandikwa na watu wa Intel wenyewe. AX200 inahitaji kerneli 5.1 kwenda juu, AX210 inahitaji 5.10. Ubuntu 22.04 ilitoka na 5.15, Debian 12 ina 6.1, Ubuntu 24.04 na Mint 22 zina 6.8, Debian 13 ina 6.12. Kwa maneno mengine, ukiwa na mfumo wowote wa miaka hii ya karibuni, umeshavuka.

Ila hapo kwa Intel kuna mtego, na ni mtego wa gharama. AX201 na AX211 si matoleo "mapya zaidi" ya hizo nyingine. Ni nusu kadi. Kazi yao nyingine inafanywa na chipuseti ya Intel iliyo kwenye mazabodi, kwa mpangilio unaoitwa CNVi. Ukiichomeka AX201 kwenye mashine ya AMD, au kwenye Intel ya zamani isiyo na CNVi, haitaonekana kabisa, wala hakuna draiva ya kuiamsha. Namba zinakaribiana, bei inaweza kuwa ya chini, muuzaji naye anaweza asijue. Kumbuka tu: 200 na 210 ndizo, 201 na 211 ziache, isipokuwa mazabodi yako inazitaja kwa jina.

Chaguo la pili ni MediaTek. Draiva yao inaitwa mt76 na chanzo chake kiko wazi kwelikweli. MT7921 ya kufunga ndani inafanya kazi kuanzia kerneli 5.12. Wakati mwingine utaikuta kwa jina la AMD RZ608, na ndugu yake MT7922 huitwa RZ616. Zote ni za kuaminika, na kwa kazi fulani zinaishinda Intel, kama utakavyoona kwenye swali la hotspot.

Kwa kadi za USB, MediaTek ndiyo ninayoiweka juu kabisa. MT7612U inashika yenyewe kuanzia kerneli 4.19, na MT7921AU kuanzia 5.18. Ukiwa na mtu anayekuja kutoka nje, mwambie akutafutie Alfa AWUS036ACM, ambayo ina MT7612U. Ni kubwa na ina antena mbili, haifichiki, lakini hutahangaika nayo.

Realtek ndiyo utakayokutana nayo zaidi madukani, kwa kuwa ni rahisi. Siisemi vibaya yote. Kadi zao za kufunga ndani zimepata draiva nzuri kwenye kerneli za karibuni, kwa majina ya rtw88 na rtw89. Upande wa USB ndiko kulikokuwa na kilio cha miaka mingi. RTL8812BU na RTL8821CU zimeingia kwenye kerneli kuanzia 6.2, na RTL8812AU ya zamani imesubiri mpaka 6.13. Maana yake, dongo (kadi ndogo ya USB) ileile ya RTL8812BU inaweza kukusumbua kwenye Mint 21 na ikashika papo hapo kwenye Mint 22. Kama umeshanunua Realtek ya USB na haishiki, jaribu mfumo mpya zaidi kwa flashi kabla hujaitupa.

Atheros za zamani, zile za ath9k, ni za Wi-Fi 4 tu, kizazi cha zamani, lakini zimo kwenye kerneli tangu mwaka 2008 na hazina makuu. Ukiikuta kwa fundi iliyotolewa kwenye mashine nyingine, chukua.

Broadcom achana nazo. Zipo zinazofanya kazi, lakini nyingi zinataka draiva iliyofungwa ya kampuni au uchawi wa kupakua fimweya (nimeieleza hapo chini) kwa mkono. Kama haijakuja na kompyuta, hakuna sababu ya kuinunua.

Nitajuaje chipu kabla sijalipa?

Ukiingia Kariakoo, mitaa ya Aggrey na jirani zake, mazungumzo huwa hivi.

"Karibu boss, unatafuta nini?" Huyo ni winga, hata kaunta hujaifikia.

"Natafuta Wi-Fi ya desktop, kaka."

"Ipo hii hapa, orijino, inashika mpaka mtaa wa pili."

"Sawa kaka, nigeuzie boksi nione toleo."

Toleo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha boksi, karibu na namba ya bidhaa, kama "Ver: 3.0" au "V2". Piga picha, kisha tafuta mtandaoni jina kamili, toleo hilo, na neno "chipset". Fanya hivyo ukiwa umesimama palepale, usiende nyumbani kwanza. Kama boksi halina namba ya toleo wala jina la kampuni, zile dongo ndogo za mifuko ya nailoni zilizoandikwa "600Mbps" tu, chukulia kuwa ni Realtek na ukadirie bei kwa msingi huo.

Duka likikuruhusu kuchomeka, una njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kwenda na laptop yako au flashi yenye Linux ya kuwashia, ukachomeka na kuandika `lsusb`. Utaona mstari wenye namba mbili zilizotenganishwa na nukta mbili. Ya kwanza ni kampuni: 0bda ni Realtek, 0e8d ni MediaTek, 0cf3 ni Atheros, 2357 ni TP-Link. Ya pili ni kifaa chenyewe: 0e8d:7612 ni ile MT7612U niliyoisifia, 0e8d:7961 ni MT7921AU. Ikianza na 2357, kampuni imeweka namba yake badala ya ya mwenye chipu, kwa hiyo tafuta namba nzima mtandaoni.

Njia ya pili ni ya pale ambapo dukani kuna kompyuta ya Windows tu. Omba wafungue Device Manager, waibofye kadi, waingie kwenye Details na kuchagua Hardware Ids. Namba ni zilezile, zimeandikwa VID na PID. Muuzaji mwenye haraka ataona unamchelewesha, lakini ukimwambia kwa upole kuwa ukiridhika unalipa sasa hivi, hukubali.

Kwa kadi za PCIe, zile za kuchomeka kwenye sloti ya mazabodi, itazame kadi yenyewe. Nyingi kwa kweli ni ubao wa kuunganishia tu, na kadi halisi ni kipande kidogo cha M.2 kilichofungwa juu yake, wakati mwingine chini ya bati la kupoza. Kwenye kipande hicho kuna kibandiko. Ukisoma AX200NGW au AX210NGW, umemaliza uchunguzi.

Ya USB au ya kufunga ndani?

Ya ndani, kama una nafasi. Antena zake ni kubwa, haichukui tundu la USB, na chipu zinazouzwa kwa mtindo huo kwa kawaida ni zile zinazoelewana na Linux. Dongo ya USB iwe kwa ajili ya kompyuta usiyoruhusiwa kuifungua, au unayoihamisha.

Kabla ya kununua ya ndani, fungua kasha, hilo ambalo wengi tunaliita CPU, uangalie mambo haya.

Je, kuna sloti ya PCIe iliyo wazi? Ile fupi ya x1 inatosha, na kadi ya x1 inaingia pia kwenye sloti ndefu bila tatizo. Sloti nyeupe za PCI za zamani si hizo.

Kasha ni nene au jembamba? Dell OptiPlex na HP ProDesk za umbo dogo, zile zinazolala juu ya meza chini ya kioo, zinataka bati fupi la nyuma. Kadi nyingi huja na bati refu limeshafungwa na fupi likiwa pembeni ndani ya boksi. Ukinunua kadi isiyo na boksi, hilo bati fupi ndilo linalokuwa limepotea. Watu wameishia kukata bati kwa msumeno, au kuiacha kadi inaning'inia bila skrubu mpaka siku kebo ya antena inapovutwa.

Vile vikompyuta vidogo kabisa, OptiPlex Micro na Lenovo ThinkCentre Tiny, havina PCIe ya kawaida lakini kwa kawaida vina tundu la M.2 la aina ya E kwa ajili ya Wi-Fi. Lisikuchanganye na M.2 ya aina ya M, ambayo ni ya diski ya SSD. Mkato wake uko mahali pengine na kadi haiingii. Usilazimishe. Ukinunua kadi ya M.2 kwa mashine ya namna hiyo, ulizia na waya za antena, kwani mashine iliyouzwa bila Wi-Fi mara nyingi hata waya hizo haina, na kadi bila antena inaona ruta iliyo mezani pako tu.

Na Bluetooth: kadi ya PCIe yenye Bluetooth huja na waya mwembamba wa kuchomeka kwenye pini za USB ndani ya mazabodi. Wi-Fi inapita kwenye sloti, Bluetooth inapita kwenye waya huo. Ukiuacha, Wi-Fi itashika na Bluetooth haitaonekana, halafu utaanza kuilaumu Linux.

Nimechomeka dongo ya USB, kompyuta inaniletea CD badala ya Wi-Fi. Imeharibika?

Haijaharibika. Dongo nyingi za bei nafuu zimebeba draiva ya Windows ndani yao, na zikichomekwa hujitangaza kwanza kama CD ili ufunge draiva hiyo. Kwenye `lsusb` mara nyingi utaona 0bda:1a2b. Fungua orodha ya mafaili, itoe hiyo CD kwa kubofya alama ya kutoa, subiri kidogo, kisha andika `lsusb` tena. Namba ikibadilika, dongo imeamka. Kama haikubadilika, weka kifurushi cha usb-modeswitch na uandike:

`sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b`

Mifumo ya karibuni hufanya hivi yenyewe kwa dongo nyingi. Ila kuamka si kushika: ukishaona namba mpya, bado kerneli inatakiwa kuwa na draiva ya chipu hiyo.

Naambiwa nipakue kitu mtandaoni ili mtandao ufanye kazi. Nitapakuaje bila mtandao?

Simu. Washa bando, unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushirikisha intaneti kwa USB (USB tethering). Linux itaiona simu kama kebo ya mtandao, bila draiva yoyote ya ziada. Hakikisha waya ni wa data, maana nyingine zinachaji tu.

Kabla hujaendelea, linda bando lako. Fungua mipangilio ya muunganisho huo na uweke alama kuwa ni wa kulipia kwa kiasi (metered). Usipofanya hivyo, masasisho yanaweza kuanza kujipakua nyuma ya pazia na GB zikaisha kabla hujapata ulichokifuata.

Fimweya ni nini, na kwa nini inatajwa kila mahali?

Ni programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi kila inapowashwa. Draiva ni ya kompyuta, fimweya ni ya kadi. Unaweza kuwa na draiva na bado kadi ikakaa kimya kwa kukosa fimweya. Andika `sudo dmesg | grep -i firmware`. Ukiona malalamiko ya faili lililokosekana, tatizo ndilo hilo.

Ubuntu na Mint huziweka kwenye kifurushi cha linux-firmware, na unakuwa nacho tangu siku ya kwanza. Debian ndiyo iliyokuwa na msimamo mkali, lakini tangu Debian 12 ya Juni 2023 diski ya kufungia mfumo inakuja nazo. Kama mashine yako ina Debian ya zamani zaidi, ongeza sehemu ya non-free, kisha weka firmware-iwlwifi kwa Intel au firmware-realtek kwa Realtek.

Fimweya nyingi hazina chanzo huria, hata zile za kampuni ninazozisifia. Kwa anayetaka mashine iliyo huria tupu kutoka juu hadi chini, uwanja ni mdogo: kadi za ath9k, ambazo hazihitaji kupakiwa fimweya kabisa, na AR9271 ya USB, ambayo fimweya yake imetolewa na chanzo chake. Utaishia Wi-Fi 4, na AR9271 ni ya 2.4 GHz peke yake. Ni chaguo la msimamo, na mwenye nalo nampa heshima yake. Kwa ofisi ya uhasibu Upanga nisingelipendekeza.

Nimeona draiva ya kadi yangu kwenye GitHub. Niifunge?

Unaweza, ila ujue unaingia kwenye ndoa. Draiva ya nje ya kerneli inajengwa upya kila kerneli inaposasishwa. Kifurushi cha dkms hukufanyia kazi hiyo chenyewe, mradi una vichwa vya kerneli: linux-headers-generic kwa Ubuntu, linux-headers-amd64 kwa Debian. Siku vichwa vikikosekana, au kerneli mpya ikibadilisha kitu ambacho mwandishi wa draiva hajakifikia, unawasha kompyuta asubuhi na Wi-Fi haipo.

Kuna na Secure Boot, kinga ya kompyuta inapowaka. Ikiwa imewashwa kwenye BIOS, kerneli inakataa draiva isiyo na sahihi. Ubuntu itakuomba utunge nywila wakati wa kufunga, kisha ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu ya kuandikisha ufunguo. Wengi huiruka kwa kudhani ni kosa. Usiiruke; chagua kuandikisha na uweke nywila ileile.

Kama unafunga mashine ya mtu mwingine, mzazi wako Morogoro au duka la rafiki, usimwachie draiva ya namna hii. Utapigiwa simu.

Kuna haja ya Wi-Fi 6 au 7 kwa hapa Dar?

Inategemea kinachoingia nyumbani na ruta uliyonayo. Kama kifurushi chako ni cha Mbps 20, hata Wi-Fi 4 nzuri inakifikisha chote. Namba za kwenye boksi ni za nadharia. Kadi ya "150Mbps" ukipata nusu yake umebahatika. Wi-Fi 6 ina faida ya kweli pale ruta nayo ni ya Wi-Fi 6 na watu ni wengi juu yake, au unapohamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta zako za ndani. Wi-Fi 6E inaongeza masafa ya 6 GHz, na bila ruta ya kuyarusha unakuwa umelipia kitu kinacholala.

Kinachoumiza zaidi hapa ni kuta na majirani. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, na 5 GHz inachoka haraka ikipita ukuta wa pili. 2.4 GHz inapenya zaidi, lakini kwenye ghorofa za Kariakoo au Sinza utakuta imejaa ruta za kila mpangaji kwenye chaneli zilezile. Kwa hiyo ninachokazia ni kadi inayotumia masafa yote mawili, yenye antena za nje. Kizazi chake ni jambo la baadaye. Ukiwa na kadi ya namna hiyo unajaribu huku na huku na kubaki panapokufaa.

Simu inaona mtandao wa 5 GHz wa ruta yangu, kompyuta haiuoni.

Kwanza hakikisha kadi yenyewe ina 5 GHz. Dongo nyingi ndogo hazina.

Kama inayo, andika `iw reg get`. Kila nchi ina masafa inayoyaruhusu, na Linux inafuata orodha hiyo. Ukiona "country 00", mfumo haujui uko wapi na unajizuia. Andika `sudo iw reg set TZ`, kisha `iw reg get` tena usome mistari inayotoka. Kama kwenye 5 GHz umepewa 5735 hadi 5835 tu, hizo ni chaneli 149 hadi 165. Ruta inayorusha kwenye chaneli 36, ambayo iko 5180, haitaonekana. Ingia kwenye ruta na uihamishie chaneli 149. Ni kazi ya dakika chache na hakuna draiva ya kugusa.

Ili chaguo la TZ libaki baada ya kuzima, ongeza `cfg80211.ieee80211_regdom=TZ` kwenye mstari wa kerneli ndani ya mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux. Kadi za Intel zinajiamulia zenyewe kuhusu nchi, utaona neno "self-managed", kwa hiyo amri hii haizibadilishi.

Na usijaribu kujiandika nchi nyingine ili upate nguvu zaidi. Masafa hapa nchini yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na hata faida yenyewe ni ndogo, kwa sababu kinachokukwamisha ni ukuta.

Inashika, lakini inakatikakatika au inakuwa nzito.

Anza na mahali ilipo. Kasha la chuma limesukumwa ukutani, antena ziko nyuma yake, na ruta iko upande wa pili: hapo umeizuia kwa bati na kwa tofali. Geuza kasha, au tumia antena yenye waya na kitako cha kuweka juu ya meza.

Kwa dongo ya USB, angalia imechomekwa wapi. Matundu ya USB 3 na diski za nje zinazotumia USB 3 hutoa kelele kwenye 2.4 GHz, na dongo iliyochomekwa kando ya diski ya namna hiyo inaweza kupoteza mtandao kila unapokopi mafaili. Dawa yake ni kebo fupi ya kuongezea USB inayoisogeza dongo mbali, hata nusu mita. Ni kitu cha bei ndogo sana na kimewatibu wengi waliokuwa wanataka kubadilisha kadi.

Kisha zima uokoaji wa umeme. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuhurumia. Kwenye Ubuntu fungua faili `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`, badilisha 3 iwe 2, kisha washa upya.

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta huweza kuwaka kabla ruta haijawa tayari. Hilo si tatizo la kadi. Subiri, au zima na uwashe Wi-Fi.

Nataka kompyuta irushe Wi-Fi (hotspot) kwa simu za nyumbani. Kadi yoyote inaweza?

Hapana, na hapa ndipo Intel inaposhindwa. Kadi zake hukataa kurusha kwenye 5 GHz, kwa sababu ya ile tabia ya kujiamulia masafa. Utabaki na 2.4 GHz. Kama hii ndiyo kazi unayoitaka, nunua MediaTek au Atheros. Kwa kadi uliyonayo tayari, andika `iw list` na utafute "AP" chini ya "Supported interface modes". Ikiwepo, `nmcli device wifi hotspot` inakuanzishia mtandao pamoja na nywila.

Na kebo je?

Kama kebo inafika, tumia kebo. Tundu la nyuma ya OptiPlex linashika kwenye Linux bila maswali, na hakuna kadi kwenye ukurasa huu inayolishinda kwa utulivu. Mita ishirini za kebo zinaweza kupita juu ya dari au kandokando ya ukuta bila kutoboa chochote.

Nikikosea kununua, dukani watanirudishia?

Pesa ni nadra. Kubadilishana inawezekana ukikubaliana kabla. Mwambie muuzaji wazi kuwa mashine yako ni ya Linux na muafikiane siku za kujaribu, kisha aandike kwenye risiti. Dai risiti ya EFD, usikubali karatasi ya daftari. Tunza boksi, CD na lile bati fupi, maana wa kwanza kukataa bidhaa yako atasema boksi halijakamilika. Na siku ya kurudi, nenda asubuhi siku za kazi. Jumamosi mchana Kariakoo hakuna atakayekuwa na muda wa kukusikiliza habari za kerneli.